Nilimpiga picha mgonjwa akiwa usingizini, sasa amekataa kutibiwa kwa mchango wetu

Admin, jina langu lifiche, maana wateja wangu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili, nauza vitenge Mabatini hapa Mwanza. Ni Msukuma kwa baba na mama, na hilo mlishike kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Watu wananijua kwa mdomo na kwa kutoa. Msiba ukitokea mtaani, mimi naanzisha mchango wafiwa hawajamaliza hata kulia.

Mwezi uliopita mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji, nikawa nampelekea uji hospitali. Pale kwenye karo la kufulia nikazoeana na mama mmoja wa makamo kutoka Sengerema. Mumewe ni fundi wa mitumbwi. Ubao ulimwangukia pajani, wakamtibu nyumbani kwa dawa za kienyeji, kidonda kikaoza. Alitakiwa kufanyiwa upasuaji, na mbuzi walishauzwa wote. Yule mama hakuniomba chochote. Alikuwa anafua mashuka ya mumewe na kunisimulia tu.

Mimi na kiherehere changu nikamwambia, "Mama, nina kikundi cha wanawake wa biashara kwenye simu, tutachanga. Ila nahitaji picha ya mgonjwa. Bila picha watu hawatoi, wametapeliwa sana."

Akasema, "Subiri aamke nimuulize, mwanangu. Baba huyu ana haya sana."

Sikusubiri. Alipokwenda kutafuta maji ya moto nikaingia wodini. Mzee amelala, shuka limeteremka, paja liko wazi hadi juu pamoja na kidonda. Niliona kabisa kwamba lile shuka lilitakiwa kuvutwa. Nikaliacha, kwa sababu nilijua kidonda ndicho kitakachowafanya watoe. Nikapiga, nikatuma.

Walitoa kweli, mpaka hela ya upasuaji ikatosha. "Dada una moyo wa kipekee, Mungu akuzidishie." Nilizisoma zile meseji nikitabasamu peke yangu dukani kama mwali. Kumbe wenzangu waliituma picha kwenye vikundi vingine, na huko nako wakaituma kwingine, hadi ikafika Geita kwenye simu ya kijana aliyemuoa binti wa yule mzee.

Wasukuma wenzangu hapa mmeshashika kichwa. Kwa wasiojua, kwetu mkwe na baba mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Kijana haingii alipolala baba wa mkewe, sembuse kumwona paja. Mimi nimelelewa hivyo. Baba yangu mzazi alipougua, mume wangu alikuwa anamsalimia akiwa uani. Nilijua yote haya, na bado nikapiga.

Binti akampigia mama yake, na mzee akajua habari ya picha. Kisha yule kijana akaja hospitali. Akasimama nje ya dirisha, mgongo umeelekea wodini, akasema, "Shikamoo baba." Mzee akavuta shuka akajifunika uso. Hakuitikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji mkononi, nikatamani ardhi ipasuke.

Baadaye mzee akaniita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni wewe uliyenipiga picha?"

"Ni mimi baba. Nisamehe, nilitaka kusaidia."

"Nimekusamehe. Lakini hiyo hela warudishie wenyewe. Mimi nilikuwa naumwa mguu tu. Siwezi kutibiwa kwa hela ya uchi wangu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, matusi nimeyazoea sokoni.

Daktari amewaambia wazi kwamba asipopasuliwa mapema mguu utakatwa, na sumu ikisambaa atapoteza maisha. Mzee anasema atarudi nyumbani Ijumaa na mguu wake ulivyo. Mkewe alinifuata hadi getini, akanishika mkono. "Mwanangu, tumdanganye. Hela mpe dada yake wa Magu, nimeshaongea naye. Atakuja aseme ameuza ng'ombe wake. Aibu haiui, kidonda kinaua. Dhambi hiyo nitaibeba mimi."

Nikarudi kwenye kikundi kuwaeleza kwamba mgonjwa amekataa. Mmoja akaandika, "Atoe kwanza video ya shukrani tujue hela imefika." Mwingine akasema huyo ni maskini jeuri, turudishiwe chetu. Nilikasirika sana. Halafu nikakumbuka kwamba maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe, tena si mara moja, kuhusu wagonjwa wa watu wengine. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba mtu akipewa lazima aonekane.

Mume wangu anasema nimpe huyo dada hela, mguu upone, mengine Mungu atajua. Inaingia akilini mchana. Lakini nikikumbuka sauti ya mzee nasita. Nikimdanganya nitakuwa nimemwamulia tena mambo yake bila yeye kujua, kama nilivyomfanyia akiwa amelala. Na akija kusikia, hata dada yake atakuwa amempoteza. Nikirudisha hela kama alivyosema, akakatwa mguu au akafa, nitaishi nikijua ni kwa sababu nilishindwa kusubiri mtu aamke.

Simu yangu ina hela ya kumponya, na picha nimeshaifuta kwangu, ila kwenye simu za watu sina uwezo nayo. Ijumaa ndiyo hiyo inakuja. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Mnaotaka kunisema nisemeni tu, nimestahili. Ila naomba jambo moja, na najua kuna watakaoshindwa: msiniombe picha ya mgonjwa ndipo mniamini.