Siku Sita Lukozi kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipiga simu mara tu shule zilipofungwa mwezi wa Desemba. Aliongea na mume wangu, Hamisi, maneno machache ya Kishambaa, kisha akakata. Hamisi akabaki ameishika simu mkononi.

"Anataka kuwaona watoto," akaniambia.

"Na mimi je?"

"Kasema njooni wote."

Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Nilipoolewa na Hamisi miaka tisa iliyopita, mama yake hakuja. Mimi ni Mluguru, Mkatoliki. Wao ni Waislamu wa Lukozi, huko juu kaskazini ya mji wa Lushoto. Tulifunga ndoa bomani, na mama akasema ndoa ya bomani haimhusu. Tangu hapo Hamisi alikuwa akienda kwao kila mwaka peke yake. Mimi sikuwahi kualikwa, wala sikuwahi kuomba. Binti zetu, Zawadi mwenye miaka saba na Neema mwenye minne, walimjua bibi yao kwa picha ya kwenye simu tu.

Tuliondoka Morogoro Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Nilifungasha masweta manne, dawa ya kifua, na vitenge viwili vya zawadi, huku moyoni nikijiuliza kama vitapokelewa. Basi lilipita Chalinze, Segera na Korogwe. Watoto walilala, wakaamka, wakala mahindi ya kuchemsha, wakagombania dirisha, wakalala tena.

Saa saba mchana tulishuka Mombo. Joto la pale lilitupiga usoni kama tumefungua oveni. Zawadi akaangalia juu, akauona ukuta wa mlima umesimama mbele yetu, akauliza gari litapandaje. Nimezaliwa chini ya Milima ya Uluguru, kwa hiyo sikutegemea mlima wa watu wengine unishangaze. Ulinishangaza. Tulikodi gari dogo, likaanza kupanda, na kila kona ilifungua bonde jipya: kijito chini kabisa, nyumba zimeshikamana na mteremko, migomba, na mashamba yaliyokatwa ngazi kwa ngazi mpaka karibu na mawingu. Nilijiuliza nani alianza kulima mahali ambapo hata kusimama ni kazi.

Pale Soni Neema alitapika. Dereva, mzee mpole, alisimamisha gari kando ya soko bila kunung'unika. Mama mmoja muuza karoti akaacha biashara yake, akaja na dumu la maji, akamnawisha mtoto uso na kumpa plamu moja nyekundu aifyonze. "Kona hizi hata sisi wenyewe zinatuweza," akasema. Nilipomshukuru, alikuwa ameshageuka kumhudumia mteja. Karoti zake zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, zimepangwa pamoja na kabichi, hoho na viazi, na soko zima lilinuka udongo mbichi.

Tulipoupita mji wa Lushoto na kuingia msitu wa Magamba, baridi ilianza. Masweta yakatoka. Juu ya mti Hamisi akawaonyesha watoto mbega, mweusi mwenye mkia mweupe mrefu, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyelalamika lolote.

Saa kumi na moja jioni tulifika Lukozi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mkavu, amejitanda kanga mbili na juu yake koti kuukuu la kiume. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Poleni na safari. Ingieni, kuna baridi."

Akawasalimia watoto kwa Kishambaa: "Onga mshi." Wakaniangalia mimi. Nami sikujua la kuwaambia, kwani sijui Kishambaa. Hamisi akajibu kwa niaba yao, na nikaona mama amekunja midomo kidogo. Vitenge alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaviweka kabatini bila kuvifungua.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za adabu tupu. Hakuna aliyenikosea. Nilipewa maji ya moto ya kuoga, kitanda chenye blanketi tatu, na chakula ambacho sikuruhusiwa kukipika. "Wewe ni mgeni, Mama Zawadi, kaa," alikuwa akiniambia, na kila aliposema mgeni nilijihisi nimesukumwa nje taratibu.

Lakini nilikuwa namtazama. Alfajiri alikuwa tayari ameshakamua ng'ombe, aliye bandani mwaka mzima kwa sababu mteremko haumruhusu kutembea. Majani yake yanakatwa bondeni na kupandishwa kichwani. Kisha mama anashuka shambani, ambako kila tuta limekingwa kwa majani ili mvua isiubebe udongo. Maharage huku, viazi kule, kabichi karibu na mfereji. Alikuwa akitembea kwenye kingo zile nyembamba kama mimi ninavyotembea sebuleni kwangu. Zawadi alimfuata nyuma kama mkia, akiuliza kila kitu, na mama akimjibu nusu Kiswahili nusu Kishambaa. Jioni ya pili mtoto alirudi na bakuli la maziwa aliyoyakamua mwenyewe, nywele zimejaa nyasi.

Siku ya tatu, Hamisi alikwenda gulioni. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua nguo, Neema akicheza karibu na ndoo. Niliinama kusuuza shuka. Nilipoinuka, mtoto hakuwapo.

Niliita. Nikazunguka nyumba, nikaangalia bandani, jikoni, chini ya vitanda. Wakati huohuo ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, na ndani ya dakika chache hata mti wa plamu uliokuwa hatua ishirini tu haukuonekana. Nikaanza kukimbia kuteremka, nikateleza, nikaanguka na kuchubuka magoti, nikainuka. Mama mkwe alikuwa anapanda na Zawadi. Akanishika mkono.

"Usikimbie. Kama anaita, hutamsikia."

Hapo ndipo nilipotamka neno ambalo bado linaniumiza. "Ndiyo maana sikutaka kuleta watoto wangu huku!" nikampigia kelele, mbele ya Zawadi. "Huku mahali gani pa kulea mtoto?"

Aliniachia mkono, akapanda juu ya jiwe kwenye ukingo wa shamba, akaweka viganja mdomoni na kuita kwa Kishambaa. Sauti nyembamba, ndefu, ya kuvuta. Mwili ule mdogo sikujua unaiweka wapi sauti ile. Akatega sikio. Kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu, mwanamke akajibu. Halafu, mbali zaidi, mwanamume. Kisha mwingine ambaye nilimsikia kwa shida sana. Ule wito ulikuwa unatembea kutoka mteremko hadi mteremko, kwa watu tusiowaona, ambao kila mmoja alikuwa ameacha jembe lake.

Tukasubiri. Zawadi alinishika gauni. Nilisali sala zote ninazozijua, na nikasikia kando yangu mama naye anasali, kwa namna yake.

Kisha sauti zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, mpaka ya karibu ikatufikia. Mama akashusha pumzi.

"Yupo. Sweta nyekundu. Aliwafuata wakata majani mpaka nyumba ya chini, pale mfereji unapopinda. Wamempa viazi vitamu, anakula."

Nikakaa chini kwenye matope. Mama akaninyooshea mkono. Tukashuka pamoja, yeye mbele, akinionyesha pa kukanyaga. Tulimkuta Neema kwenye kigoda karibu na moto, mashavu yamejaa, wala hakuelewa kwa nini nalia.

Jioni ile niliingia jikoni bila kukaribishwa. Mama alikuwa peke yake anasonga bada, ugali wa muhogo.

"Mama, nimekukosea. Maneno niliyosema leo, naomba unisamehe."

Akaendelea kusonga. Mwiko ukazunguka mara tatu, nne.

"Na mimi niliwahi kusema neno," akajibu. "Mwaka ule mlipooana. Nilisema simtambui mwanamke huyo. Halafu nikaona aibu kulirudisha. Mwaka mmoja ukapita, wa pili, wa tatu. Aibu ikikaa sana inakuwa nzito kuibeba." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike, machoni kabisa. "Leo nilipokuona umeanguka ukainuka, nikasema, huyu ni mama kama mimi. Basi. Chochea huo moto, mwanangu, unazimika."

Nikapiga magoti yangu yaliyochubuka mbele ya mafiga, nikachochea. Moshi ulinisaidia, kwani sote wawili tulikuwa tunafuta macho.

Siku mbili zilizofuata hakuniita mgeni tena. Alinipa jembe. Nilipalilia kwa ubovu mkubwa, nikachekwa mpaka na majirani, na kila aliyepita njiani alisimama kumuuliza Neema leo anakwenda wapi.

Jumatano asubuhi tulifungasha. Zawadi akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Mama, nibaki mpaka shule zifunguliwe?"

Nikamtazama Hamisi. "Amua wewe," akasema. Nikamtazama mama. Alijifanya anafunga kamba ya gunia la viazi tulivyopewa, lakini vidole vilikuwa vimesimama. Niliufikiria ukungu, na ule mteremko. Nikazifikiria pia zile sauti.

"Utamsikiliza bibi?"

"Nitamsikiliza."

"Na usiende popote bila kumwambia."

Mama akamaliza kufunga fundo lake. "Nitalala naye kitandani kwangu," akasema taratibu.

Tukateremka na gari la asubuhi: Magamba, Lushoto, Soni, zile kona zote, na safari hii Neema hakutapika. Nilikuwa nimekwenda kwa wakwe nikidhani kazi yangu ni kuwaonyesha watoto, kisha nirudi nao wakiwa salama kama nilivyowapeleka. Sikujua kwamba ukimpeleka mtoto kwa ndugu zake sharti ukubali kuwa ni mtoto wao pia, na kwamba kuna watu bondeni, ambao huwajui hata kwa sura, watakaomtafuta kabla ya kuuliza ni wa nani.

Pale Mombo, tukisubiri basi kwenye joto, abiria mmoja mama wa makamo alimbeba Neema ili nipange mizigo.

"Una huyu mmoja tu?" akauliza.

"Ninao wawili," nikamwambia. "Mkubwa yuko kwa bibi yake."