Mikono Juu Kabla ya Jenereta

Umeme ukikatika Bariadi, watu husonya. Mimi hujitazama mkono. Huu wa kulia unaishia kwenye kifundo, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la nne, nitaeleza kama nilivyoona, bila kupamba.

Nilianza kazi kiwanda cha pamba kikiwa bado cha ushirika. Nilikuwa kwenye mashine za kuchambulia: pamba yenye mbegu inaingia juu, rola inavuta nyuzi, kisu kinazuia mbegu. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara, na ukikatika ghafla pamba inaganda kati ya rola na kisu. Usipoichomoa, mashine ikiwashwa inatoa harufu ya kuungua, na pamba na moto hawajawahi kupatana. Kwa hiyo umeme ukienda, sote tunaingiza mikono, tunachokonoa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Jenereta ilikuwa na mzee wake. Hakuigusa kabla hajagonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni. Akishagonga, fomeni wetu anasimama katikati ya mashine na kuuliza, "Mikono?" Kila mtu anainua yote miwili. Fomeni anapitisha macho mstari mzima, ndipo anamwitikia mzee. Tulitaniana sana hapo. "We baba, mkono wa pili umeuacha kwa mke wa nani?" Ilikula muda, sikatai. Lakini hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Soko huria likaja. Wanunuzi wa pamba wakatoka kama kumbikumbi, ushirika ukalala, kiwanda kikapata tajiri. Sasa nasema wazi ni akina nani walionikata mkono, maana kila nikisimulia watu hunijibu, pole, mashine hazina huruma. Mashine haikujituma.

Tajiri alileta kabati la chuma. Umeme ukikatika, linajua lenyewe, linaamsha jenereta, linahamisha umeme, na ule wa nguzoni ukirudi linaizima. Mzee wa jenereta akaambiwa arudi kwao Mwamanyili akalime mpunga. Reli ikaenda kwa chuma chakavu.

Hata hivyo kabati peke yake lisingenidhuru. Kila mashine ilikuwa na kitufe chake. Umeme ukirudi inabaki kimya mpaka mtu aibonyeze. Meneja hakupenda. Alisema tunazembea, na malori ya pamba yamepanga foleni hadi barabara ya Maswa. Akamwita fundi wa umeme kutoka Mwanza, na fundi akaunga waya nyuma ya vile vitufe, ili mashine zote ziwake zenyewe jenereta inapokamata. Waya ule mtu haungi kwa bahati mbaya.

Na fomeni alimshikia tochi. Huyu ndiye ananiuma hasa, kwa sababu ni mtoto wa shangazi yangu, tumechunga ng'ombe pamoja. Alitakiwa kutuambia neno moja tu, kwamba tusiingize mikono tena. Hakusema. Baadaye akajitetea eti alidhani meneja atatangaza.

Kesho yake umeme ukakatika mchana. Nikafanya kama miaka yote, nikaingiza mkono. Kichwani nilijua kuwa reli haipo. Mkono haukujua, ulikuwa unasubiri igongwe. Nje nikasikia jenereta inakohoa, nikaona bado nina nafasi. Jirani yangu alikuwa ananisimulia ng'ombe wa mahari waliomtoroka shemeji yake, nami nacheka. Rola ikaanza kuzunguka.

Nilipelekwa hospitali juu ya magunia ya pamba, kwenye lori lililokuwa likilalamikiwa kuchelewa. Meneja akabandika kibao chenye fuvu. Fomeni akaja kuniona na jogoo kwapani. Mama yangu akamtazama. "Baba," akamwambia, "huyo jogoo ni wa kidole kipi?" Shangazi yangu naye alikuwepo, akainamisha kichwa. Jogoo akaondoka kama alivyokuja.

Siku hizi nalinda nyumba ya wageni hapa mjini. Jenereta yake ni ndogo, ya kuvuta kamba, nimeshazoea kuivuta kwa kushoto. Haina meno ya kumng'ata mtu, najua. Lakini kabla ya kuvuta napita kwanza ukumbini na kuuliza, "Mikono?"

Vijana hucheka. "Mzee, kwani unatuteka?"

"Mikono."

Wanainua, ili nisiwacheleweshee mpira.

Jumapili iliyopita fomeni alikuwa humo, amezeeka, ameketi mbele ya runinga na soda yake. Huwa tunakutana misibani tu, tunaamkiana, basi. Umeme ukakatika. Nikaingia, nikauliza. Vijana wakasonya, mmoja akainua mkono mmoja tu kwa dhihaka. Yeye akaweka chupa chini, akainua yote miwili, taratibu, mpaka juu ya kichwa. Uso ameuelekeza kwenye runinga ambayo haikuwa na kitu.

"Mzee, vuta hiyo kamba bwana, wanapiga penalti," kijana akasema.

"Bado naangalia," nikamjibu.

Nikasimama pale. Mikono ya mtoto wa shangazi ikaanza kuchoka, na hakuishusha, nami sikumwambia aishushe.