Betri Zilizoanikwa Kando ya Buni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya sekondari pale Kibeta, Mkuu wa Maabara hakunionyesha hata kiti. Alinipa mita ya kupimia umeme na betri sita za tochi, akasema, "Betri ndiyo tumbo la mashine. Ukililisha vibaya, usije ukalaumu miguu." Nilikuwa fundi maabara mpya, nimejaa majivuno ya chuoni. Nilipima hadi saa ya chai.

Nyie mnaoanza kuunda roboti, shikeni haya. Betri ya tochi ina volti moja na nusu. Nne zikiunganishwa kwa kufuatana zinatoa sita, na hizo zinatosha mota mbili ndogo. Ile ya mstatili ya volti tisa inavutia macho, lakini mota ikielemewa kidogo tu, inaishiwa pumzi. Betri za lithiamu zina nguvu nyingi na zinachajika, ila zina hasira. Ikikamuliwa hadi mwisho, ndani yake huota vinyuzi vya shaba, na ukiichaji tena inaweza kulipuka. Hiyo hutengwa, haichajiwi.

Nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu, nilihamishiwa Kimwani, Muleba, nikaanzisha kikundi cha roboti. Hodari wao alikuwa Asimwe, binti wa kidato cha pili aliyebembeleza mota kama ndama. Betri hatukuwa nazo. Mchuuzi mmoja wa samaki kutoka visiwani akatuletea taa za kuvulia dagaa, zile zinazoelea majini.

"Chukueni, waitu mama," alisema kwa adabu ya Kihaya. "Mtumbwi ulirudi, watu hawakurudi. Kule kwetu hakuna anayetaka kuziwasha."

Mkuu wa Shule alifurahi. "Tumepata bure! Na maonyesho ya roboti ya wilaya ni wiki ijayo."

Nilitoa betri nane za lithiamu ndani ya taa zile. Zote zilisoma sifuri. Nilipaswa kuzitenga palepale. Badala yake nilifanya alichofanya mama yangu kwa betri za redio: nikazianika juani, kwenye mkeka, kando ya buni, kahawa mbichi aliyoianika mpishi wa shule.

Jioni zilisoma volti moja. Kesho yake mchana, mbili na kitu. Hakuna aliyezichaji. Betri iliyochoka hujikusanya kidogo ikipumzika, hilo najua, lakini si kutoka sifuri, wala si zote nane sawasawa. Asimwe alipozifunga kwenye roboti, swichi ikiwa bado imezimwa, magurudumu yalizunguka nusu mzunguko. Roboti iligeukia dirisha la upande wa ziwa, ikatulia.

"Mama, umeigusa?"

"Sijaigusa."

Tuliirudisha ielekee ubaoni. Ikageuka tena.

Niliogopa, sifichi. Lakini maonyesho nayo niliyataka, nikajiambia kwamba kama zinataka kuishi, basi ziishi. Nikazifungua, nikazitia kwenye chaja.

"Ulipozitoa kwenye taa zilisoma ngapi?" Asimwe aliuliza.

"Tatu," nikamjibu. "Ziko salama."

Akainama kuzitazama. Ilisikika sauti nyembamba, kama watu wengi wanaonong'ona mbali, kisha moja ikapasuka usoni mwake.

Jicho la kushoto halikupona. Kwenye ripoti niliandika kwamba betri zilikuwa na kasoro ya kiwandani, na Mkuu wa Shule akatia saini.

Sasa nimestaafu, naishi kata ya Bakoba. Asimwe ni fundi wa umeme wa jua. Jumapili baada ya ibada huja kunisalimia, na kila mara huniweka upande wake wa kulia ili anione vizuri. Huwaambia majirani kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nikisikia hivyo, huingia ndani kujifanya natafuta sukari.

Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikaweka kikombe chini.

"Asimwe, mwanangu, zile betri zilisoma sifuri. Nilijua."

Alikiweka kikombe chake kando ya changu. Kisha akainuka, akabeba kiti chake, akakaa upande wangu wa pili, mahali ambapo jicho lake haliwezi kuniona.