Boya Lililofungwa Juu

Kaka yangu alikuwa ameshaamua: kiangazi kikiisha na nyumba yetu ya Manika bado ina shida ya maji, atamhamishia mama Lubumbashi. Mama hakutaka. Kisima cha uani alikichimba marehemu baba kwa mikono yake. Nami niliapa kwamba mama hatoki.

Tanki letu lilijazwa kwa njia mbili. Maji ya mji huja alfajiri, siku yakitaka. Yasipokuja, pampu huvuta ya kisimani. Ndani ya tanki huning'inia boya kwenye waya; maji yakishuka chini yake, pampu inawaka. Fundi alilifunga chini, kimo cha goti. Alipoondoka tu, mama akapanda ngazi akalifunga juu kabisa.

Namwelewa. Alitulea sita kwa ndoo za kichwani, na hadi leo akigonga tanki likalia tupu, hana raha.

"Akiba haiozi, mutoto wangu," aliniambia.

Lakini tukichota kidogo tu, pampu inajaza. Maji ya mji yakifika yanakuta tanki limejaa, yanapita kwa majirani. Mwezi wa nane kisima kikaanza kutoa tope. Nilikasirika, na niliogopa pia.

Nikapanda, nikalishusha. Kesho yake nikalikuta juu. Nikalishusha, likarudi juu. Ukaidi nimeurithi kwake, kwa hiyo siku ya nne nililishusha tena, kisha nikaificha ngazi chumbani kwangu. Mama alinuna, hata chai hakunimiminia.

"Mama, tanki ikijala na mayi ya kisima, ile ya robine, ya mji, itaingilia wapi?" nilimuuliza. "Akiba yetu iko mu kisima. Haiko mu tanki."

Alfajiri nilimshika mkono, tukasimama chini ya tanki lililobaki nusu. Maji ya mji yakaanza kuanguka ndani kwa kishindo. Mama alisikiliza mpaka tanki likajaa. Pampu ilikuwa imelala tangu jana.

Kiangazi kilipoisha, kaka akaja na gari kumchukua. Akagonga tanki.

"Mama, tanki iko nusu."

"Iko nusu," mama alisema. "Nusu ingine ni nafasi ya mayi yenye itakuya kesho."

Akateremsha ndoo kisimani, akamchotea kikombe cha maji safi.

"Kunywa, kisha urudie kwako. Mi niko kwangu."