Wageni Niliowafagia

Wacha nikiri. Kamati ya harusi ya Njeri, hapa Doonside, mtaa wetu wa ughaibuni, ilinipa kazi ya kutunza orodha ya wageni kwa sababu nasomea kompyuta. Nikatengeneza programu, nikaiendesha ndani ya kontena, yaani kisanduku ambamo programu hukaa na vitu vyake vyote. Nikamwambia Mama Njeri alitupilie mbali daftari lake la majina ya wageni. Hayo ni mambo ya kizamani, nikamweleza. Akalitupa.

Jumapili, kabla ya kikao, nikafanya usafi kama nilivyolelewa: watu wakija, wakute pamefagiliwa. Nikafuta kontena la zamani, nikawasha jipya. Sikujua majina yote yalikuwa ndani ya lile la zamani, na yamefutika nalo.

Kamati ikaketi. Televisheni niliyoiunganisha na kompyuta ikaonyesha: “Wageni: 0.”

Mama Njeri akavaa miwani, akasoma, akaniuliza kwa upole, “Kwa hivyo tusipike?”