Metisi, Paka ya Nusu

Mwenye anataka kubisha abishe, mimi nilikuwa pale. Nilipokuwa mutoto, kule Rubondo mu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, niliona na haya macho yangu mbili paka ikirudi kutoka Mbarara kwa miguu, peke yake, bila mutu wa kuionyesha njia. Mbarara! Fasi yenye hata lori inafika imechoka! Kuna batu wanakusimuliaka mambo yenye walisikia kwa batu. Mimi sikusikia kwa mutu. Nilisimama barabarani na kikombe cha uji mu mukono, na uji ikapoa.

Ile paka tulikuwa tunaita Metisi. Koko yangu njo aliipatia jina. Koko ni mama wa baba yangu, yeye njo alinikomalisha tangu tulitoka Kivu ya Kusini. Alikuwa na paka jike moja nyeupe, konda kama kamba, na siku moja ikashuka kule kwenye majani ya ziwa, ikapotea, ikarudi na tumbo. Baba wa batoto alikuwa paka ya pori, ile yenye inaiba kuku na haichekake na mutu. Batoto wote walikufa isipokuwa mumoja. Miguu mirefu kama ngamia. Mukia inaishia na weusi. Masikio kwa nyuma mekundu kama tofali. Ilipokomaa ilikuwa nzito kunipita, na mimi nilikuwa darasa la pili. Sawa, karibu kunipita.

"Nusu ya nyumba, nusu ya pori," koko alisema. "Na wewe njo utaichunga."

Kuichunga! Mbuzi unachunga. Ng'ombe unachunga. Ile kitu njo ilinichunga mimi. Kila asubuhi, mbele ya masomo, nilikuwa naitoa kupe mu shingo. Kupe manene, ya kijivu, kama maharagi yenye yamelala mu maji. Unabana na kucha, inapasuka, damu nyeusi inakurukia mu mukono. Halafu unanawa na majivu, na mukono ule ule unakula bugali. Metisi ilikuwa inameza chura nzima kule ziwani, inatembea nayo mpaka nyumbani, inakuja kuitapika mu kiatu yangu. Chura iko na macho bado, inaniangalia kama mwalimu wa hesabu. Na mukojo yake! Ungeimwanga kwa zizi, ng'ombe zote zingehamia Tanzania. Turubai yetu ilinuka mpaka mvua ilikuwa inaogopa kuingia.

Yenye ilinichukiza kuliko yote ni chakula yake. Koko alikuwa anatafuna ndagala, zile samaki ndogo za kukausha, na yale meno yake yaliyobakia, anatema mu kiganja, na Metisi inalamba. Halafu anapapasa uso wangu na kiganja ile ile, ananiuliza kama nililala vizuri.

Sasa kwetu banasema hivi: paka ya nusu ni macho ya mulozi. Mulozi, ndiyo muchawi. Paka ya namna ile ikiweka kitu ya kufa kwa mulango yako, mutu wa mu nyumba ataifuata. Usicheke. Mpaka leo nikiona panya imekufa kwa mulango wa mutu, napita mbali.

Na Metisi ikaanza kuweka. Si kwetu. Kwa jirani, Mama Furaha.

Mama Furaha alikuwa mama shemasi wa kanisa yetu ndogo, na sauti yake ungesikia ukiwa ng'ambo ya ziwa. Mutoto wake Furaha alikuwa bado ananyonya, na siku zile alikuwa na homa. Sasa kila asubuhi, kwa mulango, panya. Lakini si panya nzima. Kichwa hakuna. Mukia na utumbo ya kijani, imenyooshwa vizuri kama mutu anaanika nguo, na nzi juu. Mama Furaha alikanyaga moja bila viatu. Ile sauti ya "pwacha" iko mu masikio yangu bado.

Akakuja kwetu anaruka na muguu moja.

"Koko! Nani anakutuma mu nyumba yangu?"

Koko alikuwa anachambua maharagi. "Mimi? Miguu yangu haifikake hata kwa bomba ya maji."

"Paka yako inafikaka!"

"Inafuata panya zako, mama. Ondoa yale mahindi chini ya kitanda."

"Panya zangu? Batu, mumesikia? Mimi, mama shemasi, niko na panya?"

Batu walikuwa wamesikia. Kiisha ibada ya siku ya Mungu walikuja wote mu kiwanja yetu, bado na nguo za kanisa. Walisema maneno mafupi: ile nyama, ndiyo munyama, iondoke, ao muzee mwenyewe aondoke. Kijana mumoja alikuwa na petroli mu chupa ya soda. Alikuwa anaitikisa polepole, kama mutu anaangalia kama soda bado iko na gesi. Mi niliangalia koko. Alikuwa ameshakimbia vita na mafurushi juu ya kichwa, akafika Rubondo, akapanda ndizi. Kutoka Rubondo angekimbilia wapi?

Koko alisimama. "Nitaiondoa mimi mwenyewe," alisema. "Lakini mutalala na yenye ilikuwa inakula."

Kule Mbarara kulikuwa Hajati mumoja mwenye kununuaka maharagi kwa batu ya Rubondo, na stoo yake ilikuwa imejaa panya. Koko akasema tutamupelekea. Na kwetu, ukihamisha paka, unaipaka mafuta ya mawese mu nyayo. Inalamba, inalamba, na fasi yenye ilimalizia kulamba njo inashika kama kwao. Kwa hivyo mafuta inapakwa kule yenye itabakia, si kule yenye inatoka. Koko akanipatia kichupa. "Utaipaka tukifika."

Mi nikafikiri: ile kitu ikitoka mu gunia imekasirika, itanikula uso mbele ya batu wa muji. Nikaipaka pale pale nyumbani, koko akiwa kwa jirani anaaga. Ilinikwaruza mpaka kwa mufupa, mufupa niliuona, halafu ikakaa kwa mulango wetu ikalamba nyayo zote ine, polepole, ikiniangalia. Nikaitia mu gunia. Koko akirudi nikamwambia iko mu gunia, na ya mafuta nikamuficha.

Tulipanda juu ya lori ya nyanya. Metisi ilikojoa mu gunia njia yote, na gunia ilikuwa juu ya magoti yangu. Sitasema zaidi.

Hajati akafungua gunia, Metisi ikaruka juu ya magunia ya maharagi, ikasimamisha manyoya, ikawa kama chui.

"Bambi!" Hajati alisema, ndiyo maskini kwa Kiganda. "Hii iko nyama gani?"

"Ni paka, Hajati," koko alijibu. "Lakini ni nusu."

"Nusu gani? Mungu hapana umba nusu. Sisi Waislamu, paka iko safi. Inaweza kunywa maji yangu, na mimi natawadha nayo. Acha ikae."

Na akaipapasa! Na ule mukojo wote! Halafu akashika kikombe chake cha chai. Niligeukia ukuta. Lakini koko alikuwa anapangusa macho na kitenge, maana ilikuwa mara ya kwanza mutu anasema ile neno, safi, juu ya Metisi.

Tukarudi. Kiwanja yetu ikanyamaza. Kiatu yangu ikakauka. Mi nilifurahi, kusema kweli.

Haikukawia. Asubuhi moja tukasikia Mama Furaha analia, na hapana ile sauti ya kanisa. Panya zilikuwa zimekula kidole ya muguu ya Furaha. Nyama ya juu ilikuwa imeisha, kama mutu ameguguna muhindi akaacha gunzi. Batu wakainua kitanda. Chini mu mahindi kulikuwa batoto ya panya, mingi, bila manyoya, ya rangi ya ulimi, zinajipindapinda. Kijana wa petroli akaenda kutapika nyuma ya choo. Kanisa yote ikaona.

Koko aliingia na maji ya munyu, akaosha kidole, akaifunga na kitambaa. Hakusema "niliwaambia." Angesema tu mara moja! Mi ningelisema mpaka leo.

Kesho yake Mama Furaha akaachia koko mutoto, akasema anaenda Mbarara, kule kwa hospitali ya Ruharo, kutafuta dawa ya kidonda. Akalala kule.

Na asubuhi ya kesho yake, mimi na uji yangu barabarani, Metisi ikarudi. Konda, inanuka mutaro ya muji. Batu wakaikuta imekaa kwa mulango ya Mama Furaha kama askari. Nikapaza sauti: niliiona ikishuka kilima! Inachechemea! Imepita kwa polisi hata hawakuiuliza karatasi! Nikaonyesha kichupa, nikasema ile mambo ya mafuta, na wazee wakakubali na vichwa. Imefuata mafuta. Imelambia hapa, imerudi hapa. Kanisani wakaimba. Petroli hakuna mutu aliyeikumbuka tena, na koko alizeeka mu nyumba yake, mu ndizi zake.

Leo nakaa Kakiika, pale Mbarara, naendesha boda, na batoto wangu wanalilia paka. Sitaki. Nikiona paka inalamba muguu, naifukuza na kiatu. Ile kitu niliichukia na ninaichukia. Lakini nikiwa kwa kituo natia petroli mu pikipiki, njo nazibaka pua. Ile harufu iko mubaya kuliko mukojo ya Metisi, na haikutoka kwa nyama.

Bo, basi, niseme na moja. Uji ni ya kweli. Kusimama barabarani ni kweli. Lakini yenye nilikuwa naona ikishuka kilima si paka. Ni Mama Furaha, ametoka kwa lori ya kwanza, ameinama, kitenge kimefungwa mu mugongo kama mama mwenye kubeba mutoto. Na mu kitenge kulikuwa kunatoka masikio mbili, mekundu kama tofali. Mukojo ilikuwa inamushuka mpaka kwa visigino. Aliniona. Aliifungua, akaiweka chini kwa mulango wake mwenyewe, akaingia, akafunga. Halafu akafungua tena, akapiga kelele: "Batu, mukuje muone!"

Batu wakakuja mbio. Wakauliza imefikaje. Mama Furaha akaniangalia. Njo nikasema mimi: ilitembea.