Viroba Kumi na Viwili vya Usafi

Jumamosi, tarehe tisa. Asubuhi manyunyu, kisha jua kali.

Wanafunzi wa sekondari walikuja Mlingotini kusafisha ufukwe, nikapewa mimi kuwaongoza. Sijui kwa nini, maana shule niliishia darasa la saba. Msichana mmoja akaniuliza, "Babu, na hizi chupa zilizofungwa kamba?"

"Okota, mjukuu wangu. Leo hatuchagui."

"Una hakika, babu?"

Nikamwambia watoto wa siku hizi mna maswali mengi.

Kufika saa sita tulikuwa na viroba kumi na viwili, nami nimesimama katikati yake napigwa picha. Ndipo mke wangu akateremka pwani, akachungulia kiroba kimoja, akavuta kamba. Zilikuwa kamba zake za kulimia mwani, na zile chupa ndiyo maboya yake. Alikuwa amezianika akazifunge baharini kesho, maji yakipwa.

"Baba watoto, nani kawaambia wazoe shamba langu?"

Wanafunzi wote wakanitazama. Kwa haki niseme, yule msichana hakunichongea. Alicheka tu, na kucheka alistahili. Nikakiri mwenyewe.

Tukamwaga viroba vyote mchangani. Mke wangu akawaketisha, akawafundisha kufumua kamba na kufunga maboya, nao wakamsikiliza kuliko walivyonisikiliza mimi asubuhi nzima. Alasiri kila kitu kilikuwa kimepatikana, isipokuwa chupa mbili. Nadhani ni mbili.

Jioni mke wangu alitupikia muhogo wa kuchemsha kwa chumvi tu. Nazi ilikuwepo, niliiona.